Mwaka Nyumba ya Mama Ilipopata Baridi

Shangazi Damari aliniuliza swali moja, nami nikamjibu kwa neno moja, nimesimama barazani kwake na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Yeye ndiye aliyemlea Rahel, msichana niliyetaka kumwoa, na kauli ya mwisho juu ya posa yangu ilikuwa yake. Desturi ya kwao ilikuwa kwamba kabla binti hajatolewa, wanawake wa upande wake huenda kushinda siku moja katika nyumba atakayopelekwa, wale, wakae, waone. "Tutakuja baada ya mavuno," aliniambia. "Lakini Rahel ana kifua, unajua mwenyewe. Amekulia kwenye nyumba za misheni, zenye madirisha na mapazia. Siwezi kumpeleka kwenye moshi. Jiko la mama yako litatoka ndani?" Ningeweza kumjibu kwamba jiko si langu, nitakwenda kumwuliza mwenyewe. Hilo tu lingetosha, na Shangazi Damari, nilivyokuja kumfahamu baadaye, angelipokea. Nilisema, "Litatoka." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nimemaliza darasa la kumi, karani mpya wa bomani Singida, na nilidhani kujibu haraka ndio uanaume.

Ninaandika haya kwa sababu ya mapazia mengine kabisa. Rahel alifariki mwaka jana, na mwezi uliopita mjukuu wetu Neema alikuja kutoka Dodoma na begi lililojaa vitambaa. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akazungusha macho kwenye mapazia ya bibi yake, makochi na vitambaa vyake vya kufuma, na picha za kalenda zilizopauka. "Babu, usikasirike," alisema, "lakini humu ndani bado ni enzi za bibi. Nyumba inazeeka kuliko wewe. Nataka ukiamka asubuhi uone rangi." Nilimwambia apumzike kwanza, anywe uji, mapazia hayana miguu ya kukimbia. Alicheka. Hakujua kwamba nilikuwa naogopa kumjibu haraka. Tangu mwaka ule, mtu akiniambia nyumba fulani ifanywe mpya, huwa natazama juu kwanza, kwenye paa.

Nyumba ya mama yangu ilikuwa tembe kama tembe zote za upande wa Ilongero wakati ule wa Waingereza: ndefu, fupi kwa kimo, kuta za udongo, na juu paa bapa la boriti, fito, nyasi na udongo mzito uliopigwa ukashikana. Ukiingia kutoka juani ulikuwa kipofu kwa muda. Kwanza ulisikia harufu, maziwa ya mgando na moshi uliokaa miaka, kisha jiko likajitokeza taratibu: mafiga matatu katikati ya chumba kikubwa, moto mdogo usiozimika, na mama amekaa kwenye kigoda chake, kushoto kwa mlango. Juu ya jiko yalining'inia masuke ya uwele na mtama aliyoyachagua kwa mbegu, meusi kwa masizi. Boriti zilikuwa nyeusi pia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Ukutani alikuwa amechora kwa mkono wake mistari ya udongo mweupe na mwekundu, akiirudia kila mwaka baada ya kupiga lipu mpya ya udongo na samadi. Kwenye mlango wa chumba cha kulala lilining'inia pazia lake, ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa mpaka ikawa kama nguo, na upande mmoja, mahali mkono unaposhika, ilikuwa imeng'aa. Nililala nyuma ya ngozi ile utoto wangu wote. Usiku niliyasikia mazungumzo ya wakubwa kupitia kwayo, na nikajua nani amegombana na nani kabla wenyewe hawajajua. Lakini mwaka ule, niliporudi kutoka kwa Shangazi Damari na kuinua ngozi ile ili nipite, niliiona kwa macho ya mgeni, nikaona aibu.

Nilimweleza mama jioni ile ile. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. Tulizungumza Kinyaturu, kama siku zote nyumbani, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyotoka. "Moto utoke ndani," alisema, kana kwamba anajaribu uzito wa mzigo kabla ya kuuinua. "Kwa siku ya wageni?" Nikamwambia hapana, moja kwa moja, nitamjengea banda la kupikia uani, kuta za ndani nitazipaka chokaa, nitatoboa madirisha mawili, na juu nitatandika marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, kuzuia vumbi la paa lisiangukie watu. Alipakua ugali, akaupiga piga kwa mwiko mpaka ukawa duara, akanisogezea na bakuli la mlenda. "Nyumba itapata baridi, baba," alisema. Nilicheka. Nilimwambia nyumba si mtu, haipati baridi. Sisi tuliosoma tulikuwa tumezoea kuyaweka maneno ya wazee wetu kwenye kapu moja, kapu la mizimu, na neno la mama nililitupia humo bila hata kuligeuza nione upande wa pili. Naye hakulieleza. Kwa watu wa rika lake neno lile halikuhitaji maelezo, kama mimi nisivyohitaji kuelezwa kwamba baiskeli isiyotiwa mafuta hushika kutu.

Vitambaa nilivinunua mjini. Barazani penye duka la vitambaa alikuwepo fundi cherehani, Fundi Saidi, mtu mwembamba mwenye tepu shingoni saa zote, ambaye hakushona kitu bila kukisema kwanza. Nilimpa kitambaa cha maua mekundu na majani ya kijani, kile kile nilichokiona madirishani kwa Shangazi Damari. "Madirisha mangapi?" aliuliza. Nikamwambia mawili, na mlango mmoja wa ndani. "Marefu kiasi gani?" Nikamwambia sijui bado. Alisimamisha mguu kwenye cherehani. "Hujui urefu wa madirisha yako?" Nikalazimika kukiri kwamba nyumba ni tembe, na madirisha sijayatoboa. Fundi Saidi aliwageukia wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi. "Sikilizeni, jamani. Huyu anashona pazia kwanza, ndipo amtafutie dirisha. Hakika amepata mchumba." Walicheka sana, na mimi pia, kwa sababu nilikuwa na furaha. Furaha ile siwezi kuikana hata leo. Nilirudi kijijini na baiskeli, mzigo wa marekani nyuma na mapazia yaliyokunjwa kifuani ndani ya shati, na kila kilima nilikipanda nikiimba.

Kazi ilichukua siku sita za likizo yangu. Siku ya kwanza nilijenga banda la uani, ya pili nilikuwa nimejiandaa kuyabeba mafiga mwenyewe, lakini nilipoamka nilikuta mama ameshaanza. Alikuwa ameutoa moto kwenye kigae, akauweka chini ya banda jipya, na sasa anabeba mafiga moja moja, amelikumbatia kila moja tumboni. Yalikuwa bado ya moto, alikuwa amejifunga nguo kuukuu mikononi. Nilimwambia anipe, akatikisa kichwa. "Niliyakuta hapa siku niliyoletwa," alisema. "Mama yake baba yako alinikalisha, akanionyesha. Ngoja niyapeleke mwenyewe." Mahali yalipokuwa palibaki duara jeusi, udongo umeungua ukawa mgumu kama tofali. Nilipachimba, nikapajaza udongo mwingine, nikapapiga mpaka pasijulikane.

Baba mdogo Kitundu, mdogo wake marehemu baba, ambaye boma lake lilipakana na letu, alikuja siku ya nne. Yeye ndiye aliyesaidia kuipandisha boriti ya katikati ya nyumba ile, na paa aliliheshimu kama mtu anavyoheshimu ng'ombe aliyemlea. Alisimama mlangoni, akaangalia kuta nyeupe za chokaa, mwanga uliomwagika kutoka kwenye madirisha mapya, na marekani niliyoitandaza juu kutoka ukuta hadi ukuta, nimeikaza kwa misumari midogo na kamba za katani mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma. Boriti nyeusi hazikuonekana tena. "Shemeji," alimwita mama, "mwanao ameivisha nyumba kanzu. Inakwenda kuswali wapi, na nyie ni Wakristo?" Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha Baba mdogo akanigeukia, sauti imeshuka. "Elia, sasa mbao zitakaa na nini humo juu?" Nikamjibu kwamba zitakaa kama mbao za nyumba za Wazungu zinavyokaa. "Za Wazungu zimepakwa dawa," alisema. "Hizi dawa yake umeitoa nje." Ningeweza kumwuliza ana maana gani, na katika mambo yote nisiyoyauliza mwaka ule hili ndilo linalonirudia mara nyingi. Nilimshukuru, nikapanda tena kwenye ngazi.

Ngozi ya mlangoni niliishusha mwisho. Mama aliikunja akaipeleka kwenye banda la kupikia, akaitandika chini, akawa anaikalia. Mahali pake nikatundika pazia la maua.

Wageni walikuja wanne: Shangazi Damari, wanawake wawili majirani zake, na Rahel mwenyewe, ambaye kwa desturi alitakiwa kunyamaza na kutazama chini. Mama aliwapokea kwa kuku, wali wa siku ya sherehe, maziwa na asali. Mimi sikuruhusiwa kukaa na wanawake, nikajibanza chumbani nyuma ya pazia langu jipya, na nikagundua jambo ambalo fundi hakuniambia: kitambaa kile chepesi kilipitisha sauti kuliko ngozi, nikasikia kila kitu, hata kijiko kikigusa sahani. "Hii nyumba inapumua," alisema Shangazi Damari. "Mama Elia, umezaa mtu." Mwanamke mwingine aliuliza ile nguo ya juu ni ya nini, mama akamweleza kwa upole kwamba ni ya kuzuia vumbi. Walisifu mapazia, walisifu chokaa, na mama akawa anaitikia ahsante, ahsante, kama mtu anayepokea sifa za mtoto wa jirani. Kisha nikasikia sauti ndogo ya Rahel, na chumba kizima kikatulia kwa sababu hakutakiwa kusema. "Mama, wewe unapika wapi?"

"Nje, mwanangu. Nje kuna hewa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha nitakuita ushike mwavuli," alijibu mama, na wote wakacheka, na mimi nyuma ya pazia nikacheka. Lakini walipokuwa wanaondoka, na mimi nimeruhusiwa kuwasindikiza hadi njia panda, Rahel alibaki nyuma hatua mbili. Alisema bila kunitazama, "Mama yako anasikia baridi humo ndani. Ulimwona alivyokuwa anasugua mikono?" Nikamwambia atazoea. "Mimi kifua changu nimekizoea," alisema Rahel. "Ningezoea na moshi. Hukuniuliza." Hayo ndiyo maneno marefu ya kwanza aliyowahi kuniambia, na sikuyaelewa. Nilichosikia ni sauti yake tu, na kwamba ameniambia mimi.

Posa ilikubaliwa. Kuanzia hapo nilikuwa nakuja kila Jumamosi kwa baiskeli na kurudi mjini Jumapili. Mwanzoni niliingia kila mara nikiwa na fahari, nikasimama katikati ya chumba nitazame kazi yangu. Siku moja, kabla ya mvua, niliona marekani imeshuka sehemu mbili, imefanya vifuko kama kiwele cha mbuzi. Nilidhani ni udongo wa paa. Nilifungua misumari upande mmoja, nikakiinamisha kifuko, na ukamwagika unga mwepesi wa rangi ya manjano, mkavu, laini, ukajaza ungo mzima. Mama aliuchukua kidogo, akausugua kati ya vidole viwili, akaunusa. "Elia," alisema, "turudishe moto. Si kila siku. Hata mara mbili kwa juma. Uingie na kutoka." Siku hiyo alinieleza waziwazi, kwa maneno ambayo mtoto angeelewa: moshi ndio unaozuia wadudu wa miti na mchwa, masizi yale ni ngozi ya boriti, nyumba ikikosa moto wadudu hujua kwamba mwenyewe amehama. Mbegu zake nazo, alizokuwa amezihamishia banda la nje ambako moshi ulichukuliwa na upepo, zilikuwa zimeanza kuingiwa na fukusi. Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa. Niliambiwa. Nilitazama marekani nyeupe, nikatazama kuta, nikafikiria harusi iliyobakiza wiki tano na wageni watakaokuja kulala. "Baada ya harusi, mama," nilisema. "Moshi utaichafua nguo yote." Mama alitikisa kichwa polepole, akakubali, akaenda kuumwaga ule unga kwenye jalala. Nikaikaza marekani tena. Nilikuwa mwangalifu sana, nikahakikisha haina hata kunyanzi.

Nimewaza mara nyingi juu ya nguo ile. Isingekuwepo, unga ungekuwa unamwangukia mama kwenye chakula, kwenye nywele, kitandani, kila siku, na hakuna ambaye angeweza kunyamaza. Wazee wa kwetu waliishi chini ya boriti tupu, nazo zilikuwa zinasema nao kila siku kuhusu afya zao. Mimi niliweka kitambaa katikati, kikapokea taarifa zote kwa niaba yetu na kuzishika.

Harusi ilifungwa kanisani misheni, na Rahel alilala katika nyumba ile ya mama siku mbili. Siku mbili tu. Ya tatu niliitwa bomani, nikapewa funguo za nyumba ya serikali, vyumba viwili na paa la bati, tukahamia mjini. Siku ya kuondoka Rahel alimwambia mama, "Sasa urudishe jiko lako ndani, mama. Wenye kifua tumeondoka." Mama akasema ndiyo. Lakini hakulirudisha, na sababu niliijua baadaye kutoka kwa Baba mdogo: alikuwa anangoja mimi nije niitoe nguo mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu ni mimi niliyeiweka na alisikia jinsi nilivyojisifia. Hakutaka niikute nyeusi. Nami nilikuwa nimeoa, nilikuwa na nyumba ya bati, na Jumamosi zangu zilikuwa na kazi nyingine. Nilimwahidi Krismasi. Krismasi nilimpelekea sukari na kitenge, nikalala nyumbani usiku mmoja, nikaondoka alfajiri.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri, kila mtu alizisifu. Mwezi wa Machi ilinyesha siku tatu bila kukatika, na udongo wa mapaa ya tembe ukanywa maji ukawa mzito mara mbili. Siku ya tatu banda la uani lilivuja, moto ukazimika. Mama alichota makaa yaliyobaki kwenye kigae, akaingia nayo ndani. Alirudi tena akachukua mafiga, moja moja, kwenye mvua, mtu wa zaidi ya miaka hamsini. Aliyapanga mahali pake pa zamani, akapajua sawasawa ingawa nilikuwa nimepafuta. Baba mdogo aliona moshi unatoka kwenye madirisha ya mapazia, akamwambia mkewe, "Shemeji amerudi nyumbani." Hakuwa amemaliza kula ugali wake aliposikia mshindo. Boriti ya katikati, ile aliyosaidia kuipandisha, ilikatika katikati kama muwa uliooza, na ndani yake haikuwa na kitu ila unga.

Mtu wa kunifuata alinikuta ofisini, kalamu mkononi. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoa, amelazwa kwa Baba mdogo, amefunikwa ile ngozi yake ya mlangoni, ambayo kwa kuwa ilikuwa nje ilikuwa imesalimika. Nyonga ilikuwa imevunjika. Marekani ilikuwa imeshuka yote mbele ya udongo, ikamfunika kichwa na mabega, na ilibidi waikate kwa kisu kumfikia. Nilipiga magoti, sikuweza hata kumwamkia. Mama aliinua mkono akanigusa shavu, mkono wake una chokaa. "Shikamoo haipo leo?" aliuliza. Nikasema shikamoo, mama. "Marahaba. Usilie. Nguo yako imenikinga, udongo haukuniingia machoni." Hilo ndilo jambo la kwanza alilotaka nijue.

Hospitali ya misheni walifanya walivyoweza, kisha nikamleta kwangu mjini. Aliishi miezi kumi na moja katika chumba cha pili cha nyumba ya serikali, chumba cheupe, chenye dirisha pana, na dirishani mapazia yale yale ya maua mekundu, kwa sababu Rahel aliyakuta kwenye mzigo wa vitu vilivyookolewa, akayafua na kuyatundika bila kuwaza yalivyomhusu mama. Mama aliyatazama siku ya kwanza, akasema, "Jamaa zangu hawa wamenifuata," akacheka kidogo. Rahel alimhudumia kama mama yake mzazi. Alimgeuza, alimwogesha, alijifunza kusonga ugali wa uwele mgumu kama alivyoupenda. Kila jioni nilimsikia kupitia ukutani akimfundisha mke wangu Kinyaturu, na mke wangu akimwuliza habari za ng'ombe waliokufa zamani. Mara moja tu mama aliomba kitu. "Chumba hiki hakinuki chochote," alimwambia Rahel. "Nikifumba macho sijui niko wapi." Kesho yake nilikuta Rahel amewasha moto kwenye kigae, ameweka samadi kavu na kijiti cha mti wa mkola, amekisogeza karibu na kitanda, na chumba kimejaa moshi. Mama amelala, uso umelegea kama wa mtoto. Rahel alikuwa nje ya mlango, ameinama, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Nilitaka kuingia niuzime. Alinishika mkono. "Uache," alisema. "Mimi nitatoka nje. Yeye hawezi." Basi ikawa hivyo kila jioni mpaka mwisho. Dari la serikali likawa jeusi, nikaandikiwa barua ya onyo na mkaguzi wa majengo, nikaisaini. Mapazia yakawa ya kahawia, na hakuna aliyeyafua tena.

Neema alibadilisha mapazia wiki iliyopita. Nilimruhusu, mapazia hayana kosa, na Rahel angependa rangi aliyochagua, ya bluu kama ya jioni baada ya mvua. Nilimwomba jambo moja: asitupe kitu haraka, afungue kila kabati la bibi yake na akiona kitu asichokielewa aulize kwanza kwa nini kipo. Alikuta nyuma ya sanduku ngozi iliyokunjwa, upande mmoja umeng'aa. "Hii nayo ni takataka, babu?" aliuliza. Nikakaa naye chini, nikamweleza haya yote, kwa mpangilio huu. Aliniuliza kama bibi alinisamehe. Nikamwambia alinisamehe, na mama pia, siku ile ile ya kwanza, na kwamba msamaha wao haukubadilisha kitu kilichotokea.

Nilitoa moto wa mama yangu nje ya nyumba yake ili wageni wa siku moja wasikohoe, na nilipoombwa kuurudisha nilikataa ili nguo ibaki nyeupe. Mbegu za uwele alizopewa na mama yake ziliisha mwaka ule, hakuna aliyekuwa nazo tena. Nyumba aliyoletwa akiwa bibi harusi ilianguka na haikujengwa. Na mama, ambaye dada zake wote waliishi mpaka wakashikwa mkono na vitukuu, alivunjika nyonga, akafa ugenini, kwenye chumba changu cheupe, mwaka mmoja kabla mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa. Hakumwona.